Anakunywa methadoni ili aache unga: je, toba yake inasihi?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nilivuta unga (heroini) miaka 9. Sasa ni mwezi wa 14 nakunywa methadoni kliniki kila siku, na unga sijaugusa tena. Ustadhi wa msikitini kwetu amenisema mbele za watu kuwa nimebadilisha haramu kwa haramu, kwamba toba yangu haijasihi na swala zangu ni bure mpaka niache huo "ulevi wa hospitali" na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Sasa naona haya kwenda swala ya jamaa. Niache dawa? Na Ramadhani nifanyeje, maana dozi hutolewa asubuhi? Tena kuna jambo linaninyima usingizi: niliwahi kuuza cherehani ya mama yangu ili nipate unga.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Usiache dawa. Nimelitanguliza hilo kwa kuhofia kuwa nikianza na utangulizi mrefu, kesho asubuhi hutakwenda kliniki.

Uharamu wa unga hatuna haja ya kuujadili. Unaujua kuliko wengi wanaouhubiri. Tatizo ni hayo uliyoambiwa. Hadithi anayoitegemea ustadhi naijua. Tariq bin Suwayd alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu khamri, yaani pombe, akamkataza. Akasema anaitengeneza kwa ajili ya dawa, akajibiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa. Hadithi hii imo katika kitabu cha Imamu Muslim, nayo ni sahihi. Kosa ni kuitoa kwenye khamri na kuibandika juu ya kila kitu chenye asili ya kulevya. Wanachuoni wetu wa Kishafi hawakufanya hivyo. Imamu Nawawi katika kitabu chake Rawdha ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kumwondoa mtu akili ili akatwe mkono ulioliwa na maradhi. Wewe hata akili haijakuondoka.

Tena swali lako si geni. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea afyuni (utomvu wa mpopi unaolevya) mpaka akawa akiikosa anaangamia. Jibu lake lilikuwa kwamba ikijulikana hivyo kwa yakini, ni halali kwake kuitumia, bali ni wajibu, kama mzoga kwa mwenye dharura. Akaongeza kuwa ni lazima aipunguze kidogo kidogo mpaka uchu wa tumbo juu yake uondoke bila tumbo kuhisi, na akiacha kupunguza anapata dhambi. Ibn Abidin wa madhehebu ya Hanafi ameinukuu fatwa hii. Na unga mnaouvuta umetokana na afyuni hiyohiyo! Basi aliyemruhusu mtu afyuni yenyewe kwa njia ya kupunguza, angemkataza dawa inayopimwa na daktari?

Ustadhi anaweza kusema arosto ya unga, yaani mateso ya mwili unapoukosa, haiui, kwa hiyo dharura iko wapi? Kweli, arosto yenyewe ni nadra kuua. Kinachoua huja baadaye. Aliyeacha kwa wiki kadhaa mwili wake hupoteza mazoea, na akiteleza akarudia kipimo chake cha zamani, pumzi humkatika. Methadoni hukaa mwilini kutwa nzima, huzuia arosto, na kwa kipimo kilichowekwa sawa haimpi mtu stimu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Nakiri kuwa mimi mwenyewe niliwahi kusema juu ya mimbari maneno yanayofanana na ya ustadhi wako, kabla sijakaa na daktari akanieleza. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, maana sijui nani alinisikia siku ile.

Huko kupunguza alikokutaja Ibn Hajar kufuate ratiba ya daktari, si ya ustadhi wala ya haraka yako. Wapo wanaohitaji miaka. Ila usiongeze dozi kwa siri, na usimuuzie mtu hata tone. Hapo utakuwa umeingia haramu kweli.

Swala zako hazina tatizo. Aya ya 43 ya Suratun Nisaa imekataza kuikaribia swala mtu akiwa amelewa, mpaka ajue anachokisema, nawe unakijua. Ile hadithi ya kutokubaliwa swala siku 40 inamhusu mnywaji wa khamri, na ndani yake imetajwa kuwa akitubu Mwenyezi Mungu humkubalia. Hata huyo mnywaji hakuna mwanachuoni aliyemwambia aache kuswali.

Ama kusemwa hadharani, katika kitabu cha Imamu Bukhari kuna habari ya Abdullah aliyeitwa kwa lakabu Himar. Aliletwa kwa Mtume kwa ulevi, akachapwa, akaletwa tena. Mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akawakataza kumlaani, akaapa kuwa ajualo ni kwamba anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Huyo alikuwa bado analewa. Wewe una miezi 14. Nenda swala ya jamaa, usimame safu ya mbele ukiwahi.

Ramadhani, zungumza na kliniki mapema, kabla ya Shaabani kwisha, uone kama dozi inaweza kusogezwa baada ya futari. Wakikubali, funga. Wasipoweza, wewe ni mgonjwa: kunywa dawa yako, kisha ulipe siku hizo utakapopata njia, kama ilivyo katika aya ya 184 ya Suratul Baqara. Usiruke dozi ili ufunge.

Imebaki cherehani. Sharti la nne la toba, pale panapokuwa na haki ya mtu, ni kuirudisha, na hili huwezi kulimaliza msikitini. Nenda kwa mama na kitu mkononi, hata kama ni fungu la kwanza dogo, umwambie ni la cherehani. Akikusamehe lililobaki, hiyo ni hiari yake. Usianze wewe kumwomba akusamehe ukiwa mikono mitupu.

Wallahu aalam.