Nimeacha kulipa ada ya HOA mpaka wazibue mtaro, sasa wakili wao kaniandikia barua

SWALI: Dada habari za kazi. Nilinunua nyumba huku Texas mwaka jana, ni nyumba ya kujitegemea lakini mtaa una HOA, kile chama cha wenye nyumba kinachosimamia mtaa. Wamenipiga faini mbili, moja ya dishi nililofunga juu ya paa bila kuwaomba ruhusa, nyingine ya vani yangu ya kazi (ina jina la kampuni ubavuni na ngazi juu) kulala mbele ya gereji. Alafu mtaro wa nyuma umeziba, mvua ikipiga maji yanajaa uani kwangu, nimepiga simu mpaka nimechoka. Kwa hasira nikaacha kulipa ada mpaka wautengeneze. Sasa imekuja barua ya wakili, deni limekuwa mara mbili ya ile ada na wanasema wataweka lieni, yaani wasajili deni juu ya nyumba yenyewe. Wanaweza kweli kuuza nyumba yangu wakati benki nailipa kila mwezi? Na hizo faini ni halali?

JIBU: Kaka pole sana. Ngoja nianze na ada, faini zitasubiri kidogo, manake kwenye ada ndio mtu anaweza kupoteza nyumba na kwenye faini peke yake hawezi, sheria ya Texas imekataza kabisa HOA kuuza nyumba ya mtu kama deni lote ni faini tu au gharama za wakili zilizotokana na hizo faini.

Mimi kazi yangu ni kusimamia mitaa ya hivi, sio wakili, na kwa hapo ulipofikia ningekushauri ukae na wakili wako hata saa moja tu. Lakini mengi ya haya ninayokwambia utayakuta kwenye Texas Property Code, ile sheria ya mali ya jimbo, sura ya 209, iko wazi mtandaoni, ukae uisome mwenyewe taratibu.

Ni kweli, wanaweza kuuza nyumba hata kama benki hujawahi kuikosesha hata mwezi mmoja. Hayo ni madeni mawili tofauti, na mara nyingi ada ya HOA haimo kabisa kwenye yale malipo unayotuma benki, kwa hio benki kuwa na furaha na wewe hakukusaidii chochote huku. Najua pia watu wengi wa Texas wanasema nyumba unayoishi inalindwa, hawawezi kuigusa kwa deni la kawaida, na ni kweli kwa madeni mengi, ila Mahakama Kuu ya Texas ilishaamua mwaka 1987 kwenye kesi ya Inwood dhidi ya Harris kwamba ulinzi huo hauizuii HOA, kwa sababu sharti la kulipa ada lilishafungwa kwenye ardhi kabla wewe hujafika. Ulivyonunua ulinunua ardhi na sharti lake pamoja.

Sasa hapo kwenye kuacha kulipa "mpaka watengeneze mtaro" ndipo watu wengi wazuri wanapoumia, na inaniuma kila nikiona. Kwa akili ya kawaida inaonekana ni haki kabisa, hawafanyi kazi yao basi na mimi silipi, kwenye kibanda cha fundi ungefanya hivohivo. Lakini mahakama hazikubaliani na hilo, wajibu wako wa kulipa ada unasimama wenyewe na wajibu wao wa kutunza mtaa unasimama wenyewe, wao wakishindwa wa kwao unaweza kuwashtaki lakini wa kwako haujafutika. Kwa hio hata kama kwenye mtaro una haki asilimia mia, kwenye ada bado unadaiwa, na wakati unangoja wanaongeza riba, faini ya kuchelewa na gharama za wakili, ndio hapo unaona deni limekuwa mara mbili.

Wiki hii hii waandikie barua uombe mpango wa malipo. HOA yenye zaidi ya viwanja 14 inalazimika kuwa na utaratibu wa kulipa kidogokidogo, muda usiopungua miezi mitatu, na hawalazimiki kukupa zaidi ya miezi 18. Ukishaingia humo usikose hata mara moja, manake ukivunja mpango wanaweza kukunyima mwingine kwa miaka miwili, na pia wanakuwa huru zaidi kwenye namna ya kugawa pesa utakazoleta.

Hilo la kugawa pesa ni muhimu na watu hawalijui. Kwa kawaida Texas pesa unayolipa inatakiwa ianze kufuta ada iliyochelewa, ikifuata ada ya sasa, kisha gharama za wakili za kukusanya ada, kisha gharama nyingine za wakili, faini zinakuja nyuma ya hizo zote. Kwa hio usiogope kwamba ukituma pesa watakula kwenye faini unazozibishia. Ukilipa leo unaua kwanza lile deni linaloweza kuuza nyumba, alafu faini unabaki kuzibishia kwa utulivu. Na omba taarifa ya akaunti yako yote, mstari kwa mstari, uone kila dola imeenda wapi.

Kwenye hizo gharama za wakili pia kagua. Kabla hawajakutwisha gharama za mkusanya madeni walitakiwa wakutumie barua ya rejista inayoonyesha deni lote na kukupa angalau siku 45 ulipe kwanza. Kwa lieni nayo kuna ngazi zake, notisi ya kwanza kwa barua ya kawaida au imeili, ya pili kwa rejista isiwe chini ya siku 30 baada ya ile ya kwanza, na baada ya hiyo ya pili wasubiri siku 90 ndio wasajili kwenye kaunti. Tafuta bahasha zako zote uzipange kwa tarehe. Kama wameruka ngazi, hapo una kitu cha kumpa wakili wako. Na hata wakifika mwisho, nyumba haiuzwi kimyakimya, lazima wapate amri ya mahakama kwanza, na ikishauzwa mwenye nyumba ana siku 180 za kuikomboa tangu siku walipomtumia notisi ya mauzo, ila kufika huko ni gharama kubwa sana kaka, usifike.

Haya, dishi. Hapa una nguvu. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ina kanuni tangu 1996 inayomlinda mtu kufunga dishi lenye kipenyo kisichozidi mita moja kwenye sehemu ambayo ni yake peke yake kutumia, na kwa nyumba ya kujitegemea paa ni lako. HOA haiwezi kuweka sharti linalokuchelewesha bila sababu, au linalokuongezea gharama isiyo na maana, au linaloharibu mawimbi, na kule kukulazimisha uombe ruhusa kwanza mara nyingi kunaangukia hapohapo kwenye kukuchelewesha. Wanaweza kuweka masharti ya kweli ya usalama, na wanaweza kukuomba uliweke upande usioonekana sana barabarani ikiwa huko nako linashika vizuri bila kukugharimu. Mzigo wa kuthibitisha kwamba sharti lao ni halali ni wa kwao. Waandikie barua fupi yenye adabu, taja kipimo cha dishi, taja kanuni ya FCC ya 1996, omba faini ifutwe. Bodi nyingi zikishaona mtu anaijua hiyo kanuni zinaacha. (Wale mnaokaa kwenye nyumba zilizoungana ambako paa ni la wote, hii haiwagusi kwa namna ileile, someni hati zenu.)

Vani, hapana. Sitakudanganya. Hakuna sheria ya nchi inayoilinda vani ya kazi mbele ya gereji, kinachotawala hapo ni hati ya masharti ya mtaa, ile ndefu ya kurasa nyingi ambayo karibu kila mtu anasaini bila kufungua. Ikishasajiliwa kwa karani wa kaunti inahesabika unaijua hata kama hukuisoma. Kwa hio ifungue sasa utafute sehemu ya magari, usome kwa makini wanaitaje gari la biashara, manake hati nyingine zinataja uzito, nyingine maandishi ubavuni, nyingine vifaa vilivyofungwa nje kama hiyo ngazi yako. Tofauti hiyo inaweza kukuokoa, kama wamekataza vifaa vya nje au maandishi tu basi ngazi ukiiweka ndani ya gereji jioni na ukafunika maandishi kwa bango la sumaku mambo yanaweza kuisha. Kama wamekataza gari lenyewe, omba bodi ikupe ruhusa maalum kwa maandishi, au tafuta pa kulilaza.

Hata hivo, hata kwenye kosa la kweli lazima wafuate taratibu. Kabla ya faini ulitakiwa upate barua ya rejista inayosema kosa ni lipi, wanadai kiasi gani, una muda gani wa kurekebisha, na kwamba una haki ya kuomba kikao cha kusikilizwa ndani ya siku 30. Siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, sio tangu ulipofungua bahasha, kwa hio angalia muhuri wa posta leo hii. Kosa la vani linarekebishika, kwa hio kama ndio mara ya kwanza ndani ya miezi sita na ukalirekebisha ndani ya muda waliokupa, faini haitakiwi kuwepo. Na tangu Januari 2024 HOA inayotoza faini inatakiwa iwe na sera ya faini yenye orodha ya makosa na viwango vyake, waombe, uone kama kiasi walichokupiga kimo humo.

Ukiomba kikao, wanatakiwa wakikae ndani ya siku 30 na wakupe ushahidi wao, picha na barua, angalau siku 10 kabla. Wasipokupa una haki ya kuahirishiwa siku 15. Unaruhusiwa kurekodi sauti. Nenda na picha za vani nyingine zinazolala mtaani bila kuguswa kama zipo, na uongee taratibu, wale wa bodi ni majirani zako wanaojitolea, wengi hawalipwi, na mtu akiingia anapiga meza hawasikii tena hoja yake hata ikiwa nzuri.

Mtaro nao, kabla hujaongeza simu nyingine, hakikisha kwanza ni wa nani. Nenda kwa karani wa kaunti au kwenye tovuti yao uchukue ramani ya mtaa iliyosajiliwa, itakuonyesha kama mtaro uko kwenye eneo la pamoja, au ndani ya mpaka wako kama njia ya maji, na kama uko ndani ya kiwanja chako hati nyingi zinamwachia mwenye nyumba kazi ya kuutoa majani na takataka. Alafu Texas ina ile wilaya ya maji wanayoita MUD, mitaa mingi mipya iko chini yake, na mitaro mikubwa mara nyingi ni ya MUD au ya kaunti wala sio ya HOA kabisa. Inawezekana muda wote umekuwa ukigonga mlango usio wenyewe.

Ukikuta ni wa HOA, acha simu. Simu haina kumbukumbu. Tuma imeili yenye picha za maji yakiwa yamejaa, tarehe ya kila mvua, na ombi moja lililo wazi, lini mkandarasi anakuja. Kisha hudhuria mkutano wa bodi, ni haki yako kama mwenye nyumba, na notisi ya mkutano wa kawaida inatakiwa itoke angalau saa 144 kabla, kwa hio ukiiona omba mtaro uingie kwenye ajenda. Omba pia kwa barua ya rejista bajeti, mikataba ya matengenezo na kumbukumbu za mikutano, wana siku 10 za kazi kukujibu, na wakikunyima bila sababu sheria inakuruhusu kupeleka ombi kwenye ile mahakama ndogo ya JP (Justice of the Peace) ya eneo lako.

Na uchaguzi wa bodi ukifika usikubali mtu akwambie huwezi kupiga kura kwa sababu unadaiwa. Texas sharti la namna hiyo kwenye hati ni batili, hata kama limeandikwa kwa wino mweusi, kwa hio nenda ukapige, na kama mtaro bado umeziba mpigie yule aliyekuja kuuona.