Maswali ya wasomaji: Mpango uliokwama Walawi na riwaya chini ya mto

Barua za safari hii zimeangukia jambo moja, kusoma, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Wanaoniandikia kwa mara ya kwanza wajue tu kwamba mimi si mchungaji wala mwanatheolojia. Ni mama, nimelea, bado nalea, na vitabu ndani ya nyumba yetu vimewahi kuleta ugomvi kuliko fedha.

*Bwana Yesu asifiwe, Mama. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka mitano na mdogo bado ananyonya. Mwaka ulipoanza nilijiunga na wenzangu kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Nimekwama Mambo ya Walawi. Wenzangu wako Zaburi, na kila tukikutana swali ni lile lile: uko wapi? Sasa nikiifungua Biblia naona deni tu. Nifanyeje? — Mama wa watatu*

Amina, asifiwe milele. Walawi pamewakwamisha wengi, na wengi wao hawana hata mtoto wa kunyonyesha.

Hebu tupige hesabu kwanza. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawanya kwa siku 365, unapata sura tatu na kitu kila siku, bila siku ya homa, bila usiku wa meno, bila siku ambayo hujui hata kama umechana nywele. Mpango huo ni mzuri kwa mwenye nafasi. Ila umepangwa na watu, na hata sura zenyewe zimepangwa na watu. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya zilitoka kwa mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Paulo alipokuwa akiwaandikia Warumi hakujua kwamba anaandika sura ya nane. Kwa hiyo ukiishia katikati ya sura kwa sababu mtoto amemwaga maji, hujavunja kitu chochote alichokiweka Mungu.

Kumbuka pia kwamba kwa karne nyingi Wakristo wengi hawakuwa na Biblia nyumbani. Waliisikia. Ufunuo unaanza kwa kumbariki mtu mmoja asomaye na watu wengi wasikiao: "Heri asomaye na wao wayasikiao." Mama anayenyonyesha anaweza kuwa hao wote kwa wakati mmoja.

Najua kuna mtu atakutajia Susanna Wesley, mama yao John na Charles, wahubiri walioanzisha Umethodisti. Mimi nimetajiwa mara nyingi mno, nikaamua kumfuatilia mwenyewe. Ni kweli alizaa watoto 19 na akawafundisha nyumbani. Mtoto akitimiza miaka mitano alipewa siku moja tu ya kujifunza herufi, kisha alianzishwa Mwanzo sura ya kwanza, mstari wa kwanza. Wanaomtaja kwenye semina husahau kusema kwamba karibu nusu ya watoto hao walikufa wadogo, na kwamba nyumba ilikuwa na watumishi. Usijipime naye ukiwa peke yako jikoni.

Lakini lipo jambo moja la kwake ambalo nimelichukua. Baada ya nyumba yao ya Epworth, Uingereza, kuungua mwaka 1709, alianza kumtengea kila mtoto jioni yake ya mazungumzo, mama na mtoto peke yao. Alhamisi ilikuwa ya John. Miaka mingi baadaye, John akiwa mtu mzima na msomi, alimwandikia mama yake akiomba kipande kidogo tu cha ile Alhamisi jioni, amkumbuke. Hakuomba arudishiwe masomo ya herufi. Aliomba Alhamisi.

Sasa ushauri wangu. Waache Walawi walipo, hawaendi popote. Nenda Marko, ndiyo fupi kuliko Injili zote, ina sura 16, na mambo yake yanakwenda mbio kiasi kwamba hata mtu mwenye usingizi anafuata. Soma kwa sauti wakati unanyonyesha. Mdogo ataisikia sauti yako, mkubwa atasikia habari za mtu aliyeshushwa kupitia darini, na hapo utaulizwa maswali ambayo kikundi chako hakijawahi kuuliza. Mimi niliulizwa nani alilipia lile paa. Siku ikiwa mbaya kabisa, Zaburi ya 117 ina mistari miwili. Isome, sema amina, lala.

Biblia yetu ya nyumbani haina kona ya mwisho ya Sefania kwa sababu kitinda mimba aliitafuna alipokuwa anaota meno. Siibadilishi.

Na hao wenzako, wakikuuliza uko wapi, waambie uko Marko na umekaa. Atakayecheka mpe mtoto amshike kidogo.

*Shikamoo Mama. Binti yetu ana miaka 13 na anasoma riwaya usiku na mchana. Nimezikuta chini ya mto wake. Nimepekua, sikuona matusi, lakini hazimtaji Mungu hata mara moja. Baba yake anasema kitabu kisichomtaja Mungu hakikai katika nyumba ya Mkristo, na anataka zichomwe kama Waefeso walivyofanya. Binti amenuna, baba amenuna, mimi niko katikati. — Niliye katikati*

Marahaba, mwanangu. Pole na hiyo nafasi, naifahamu.

Mwombe baba asome nawe tena Matendo 19, taratibu. Wale watu walikuwa wakifanya uganga. Wakaamini, wakakusanya vitabu *vyao*, wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ilikuwa vipande vya fedha 50,000. Kila mtu alichoma mali yake mwenyewe, kwa kuguswa kwake mwenyewe. Simwoni mle baba hata mmoja anayechoma vya binti yake. Tena vilikuwa vitabu vya uganga, wala si hadithi.

Na hicho kipimo cha kumtaja Mungu kina shida, maana kitabu cha Esta hakimtaji, tangu sura ya kwanza hadi ya kumi. Yupo malkia, yupo mfalme mlevi, zipo hila za ikulu, upo mti wa kunyongea watu. Tukikitumia kipimo cha baba, Esta naye anatoka nyumbani. Paulo naye akiwa Athene aliwanukuu washairi wao, watu wasio na imani yake, mbele ya kadamnasi, na hakuomba radhi. Nathani alipotaka kumfikia Daudi baada ya ile habari ya Bathsheba hakuanza na amri za Musa. Alimsimulia kisa cha maskini na mwanakondoo wake mmoja, kisa cha kutunga, na mfalme akajihukumu kwa mdomo wake kabla hajashtuka. Na kwa wale wanaoniandikia kwamba hadithi za wanyama na miti inayozungumza ni upagani: Waamuzi 9, miti inatafuta mfalme, na mti wa miiba unakubali kazi.

Hata hivyo simcheki mumeo. Anahofia kitu kilichopo. Augustino, yule mwalimu wa Kanisa la kale, anakiri katika kitabu chake *Maungamo* kwamba akiwa mvulana shuleni alimlilia Dido, malkia wa kwenye shairi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, na hali yake mwenyewe mbele za Mungu haikumtoa hata chozi moja. Hadithi ina nguvu hiyo. Mtoto anaweza kumwonea huruma mtu wa kwenye karatasi na akampita mdogo wake analia sebuleni. Mimi nimemwona wangu akifanya hivyo, kitabu mkononi, hakuinua hata macho. Ila Augustino huyo huyo, mwaka 386, katika bustani huko Milan, ndiye aliyesikia sauti kama ya mtoto ikisema "chukua usome", akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, akageuka. Kama angekuwa mtu asiyezoea kuguswa na maandishi, sijui angekwenda wapi.

Kwetu mambo yako hivi. Vipo vitabu ninavyoviondoa, na siombi kura ya mtu. Kitabu kinachomfundisha msomaji kufurahia mwenzake anavyoteswa hakikai. Kitabu ambamo mwili wa mtu ni bidhaa, na mwandishi mwenyewe anaona ni sawa, hakikai. Huzuni inakaa. Kifo kinakaa. Watu wabaya wanakaa, maana hata Biblia imejaa watu wabaya. Ninavyoviondoa naviondoa baada ya kuvisoma, nikiwa na sababu ninayoweza kuitamka mbele ya mwenye kitabu. Kupekua ukitafuta matusi si kusoma, na binti yako anajua tofauti.

Kwa hiyo muombe akuazime kimoja, achague yeye. Kisome mpaka mwisho, hata kama kinakuchosha. (Wangu huanza na ukurasa wa mwisho ili ajue nani atakufa ndipo arudi mwanzo. Tumegombana sana juu ya hilo na ameshinda.) Kisha usimkalishe kitako kumhoji. Mngoje kwenye vyombo. Mikono ikiwa ndani ya maji, na macho yake yakiwa kwenye sahani, mtoto wa umri huo husema. Swali langu ni moja: katika hicho kitabu nani anadanganya, na nani anaumia kwa uongo huo?

Niliwahi kumuuliza binti yangu kuhusu riwaya ya msichana aliyetoroka kwao. Nilitegemea ataniambia anayedanganya ni msichana. Akasema, "Mama yake. Anajifanya hajali." Akaendelea kusuuza vikombe. Nilikichukua kitabu usiku huo huo nikaenda kukisoma.

Kuhusu baba: mpe naye kimoja. Wangu magazeti huyaanza na kurasa za michezo na huko ndiko huishia, lakini riwaya moja ya bintiye ilimkalisha macho mpaka saa nane usiku, na kesho yake kulikuwa na mada mezani. Akikataa kusoma, basi akubali kutochoma asichokisoma.

*Mama, mimi ni baba. Kwenye ibada yetu ya jioni kila mtu husoma mstari kwa zamu. Kijana wetu ana miaka tisa na anasoma kwa kukwama sana. Dada zake wanacheka. Sasa muda wa ibada ukikaribia anaumwa tumbo. — Baba mwenye wasiwasi*

Zamu ziishe leo, baba. Usingoje wiki ijayo. Asome mmoja mwenye sauti nzuri, wengine wasikilize. "Imani, chanzo chake ni kusikia," anasema Paulo kwa Warumi. Hakusema ni kusoma bila kukwama. Akitaka kusoma, mpe mstari mmoja siku moja kabla, mfupi, ausome na wewe mkiwa wawili tu mpaka awe ameuzoea. Hao dada zake ni shauri lako na wao, faraghani, na uwe mkali.

Halafu mpeleke akapimwe macho. Macho yakiwa mazima, zungumza na mwalimu wake. Wako watoto wenye akili nzuri kabisa ambao herufi huwasumbua kwa namna isiyohusiana na uvivu wala kukosa adabu, na wanasaidika wakipata mwalimu anayejua namna ya kuwafundisha. Maombi endelea nayo. Usiyafanye mbadala wa miwani.

*Mume wangu hasali na hasomi Neno. Si mkali, hanizuii, ila hajali. Je, watoto wangu wana matumaini? — Nisitajwe jina*

Wanayo. Paulo anapoitaja imani ya Timotheo anaanzia kwa bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Baba hatajwi hapo. Matendo 16 inasema tu kwamba alikuwa Myunani. Wanawake wawili na maandiko, na kijana huyo akamjua Mungu tangu utoto. Mengine sina haja ya kuyarefusha, ila moja: watoto wasikusikie ukimsema baba yao kwenye sala. "Bwana, mguse mtu fulani humu ndani" wanaielewa vizuri sana, na yeye anaielewa zaidi. Someni Neno wakati yupo sebuleni, kwa sauti ya kawaida, bila kumwangalia.

*Je, Biblia ya kwenye simu ni sawa na ya karatasi? — Msomaji*

Maneno ni yale yale. Tatizo liko kwa watoto: mama akiinamia simu, wao hawajui kama yuko kwa Yeremia au anatazama picha za harusi ya mtu. Ukisomea simu, soma kwa sauti, na uzime kwanza zile arifa, maana hakuna nabii anayeshindana na kikundi cha maandalizi ya harusi. Mtoto anayejifunza kutafuta Habakuki mpe ya karatasi, atafute kwa vidole.