Babu yetu mpagazi amezikwa wapi?

SWALI: Mhariri, babu mzaa baba alichukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, asirudi. Tulitafute wapi kaburi lake?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole, ndugu yangu. Wapagazi wengi walizikwa bila alama. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, dhuluma ambayo bado inaniuma. Hata hivyo, kwenye mnara wa Barabara ya Kenyatta, miongoni mwa sanamu tatu za shaba, yupo mpagazi, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Anzeni kwa wazee wa ukoo, kisha mkapekue kumbukumbu za wilaya yenu katika Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi.