Vitambaa vimekaa mezani wiki tano

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 38, mke na watoto watatu. Tangu mwishoni mwa Novemba mwili umekuwa mzito. Desemba ndiyo msimu wetu, wazazi wanaleta sare za shule, lakini safari hii vitambaa vimekaa mezani wiki tano. Nakaa kwenye cherehani, naweka mguu kwenye pedeli, halafu nabaki naangalia ukuta. Usingizi unakatika saa tisa usiku, nakodoa macho mpaka adhana. Chakula hakina ladha, mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya. Kichwa kinawaka moto, mgongo unauma. Nimepima malaria mara tatu, hakuna kitu. Wakasema taifodi, nikanywa dawa wiki mbili, sikupata nafuu. Mama yangu anasema ni mkono wa mtu, na jirani anamtaja kwa jina. Mke wangu amenipeleka kwenye maombi. Marafiki wanasema jikaze mwanaume, toka upate bia mbili. Kuna usiku natamani nilale nisiamke, hilo sijamwambia mtu. Redioni nilisikia neno sonona. Nitajuaje kama naumwa au nimekuwa mvivu? Na nikienda hospitali, si watanipeleka Mirembe? Nani ataleta kitambaa kwa fundi chizi?

Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Katika barua yako kuna sentensi umeipitia haraka, kama mtu anayevuka barabara: kwamba kuna usiku unatamani ulale usiamke. Nianze na hiyo.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 27, na swali hili nimewauliza watu uso kwa uso bila kuzunguka, kwa hiyo na wewe nakuuliza. Umewahi kufikiria kujiua? Umeshawaza namna? Kumuuliza mtu hakumtii wazo kichwani. Wengi niliowauliza walishusha pumzi, maana walikuwa wamelibeba peke yao muda mrefu. Kama jibu lako ni ndiyo, usisubiri Jumatatu. Nenda leo, hata kama ni usiku, hospitali yoyote iliyo karibu, na usiende peke yako. Kama jibu ni hapana, kwamba umechoka tu na maisha, bado mwambie mkeo leo jioni watoto wakishalala. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Mama watoto, kuna usiku natamani nisiamke." Na dawa zote zilizomo nyumbani azitunze yeye.

Sasa uvivu. Mvivu anakwepa kazi, lakini ukimwita kwenye mpira anakuja, ukimpakulia pilau anakula. Wewe chakula hakina ladha, usingizi umekukimbia, na kazi uliyoipenda imekushinda hata kuianza. Hospitalini tunatazama wiki 2. Mtu akiwa karibu kila siku kwa wiki 2 ana huzuni, au hamu ya mambo aliyoyapenda imekwisha, na juu ya hapo usingizi umeharibika, anakonda, hana nguvu, akili haitulii, anajiona hafai, anatamani kufa, hapo tunaanza kufikiria sonona. Iko fomu ya maswali 9 tunayoitumia. Sikujazii kwa barua, lakini umeyajibu mengi bila kuulizwa.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Huna haja ya kuwa na hakika kwanza. Watu wanakaa nyumbani miezi wakijichunguza, naumwa, siumwi, labda nimedeka tu. Malaria uliipima mara tatu bila kuwa na hakika hata mara moja. Ulijisikia vibaya, ukaenda kuuliza. Na hili nenda kaliulize vivyo hivyo.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikawia. Mume wangu alifariki nikiwa bado kazini. Asubuhi nilikuwa nawauliza wagonjwa yale maswali 9, jioni nakaa uani na ungo wa mchele mapajani. Siku moja nilikaa hivyo mpaka giza likaingia. Kokoto nilikuwa naziona, nyeupe na nyeusi, na mkono hauendi kuzitoa. Nikajiambia huu ni msiba, utapita. Nikajiambia hivyo kwa miezi 7. Aliyeniokoa ni muuguzi mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri. Alikuja Jumapili, akauchukua ungo mapajani pangu, akachambua mchele wote bila kusema neno, halafu akaniuliza, "Dada, usiku unalala?" Nikalia mpaka kanga ikalowa. Jumanne yake nilikuwa kwenye benchi la wagonjwa, nikisubiri kuitwa jina.

Kwako wewe naona shida ilianzia kwenye maneno uliyoingia nayo chumba cha daktari. Ulisema kichwa kinawaka na mgongo unauma, wakapima malaria. Siwalaumu. Sonona huku kwetu mara nyingi hutangulia mwilini: kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa. Ukirudi na maneno yaleyale utapewa vipimo vilevile, na hicho cha taifodi kinachotumika sana huweza kusema ipo wakati haipo. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, mapokezi uwaambie unataka kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Ukikaa mbele yake anza hivi: "Tangu Novemba silali vizuri, sina hamu ya kula wala ya kazi, nimekonda, na kuna usiku natamani nisiamke." Kichwa na mgongo vije baadaye. Ukihofia ulimi utakwama, iandike sentensi hiyo kwenye daftari lako la vipimo vya wateja, umpe aisome. Huenda wakakupima damu, sukari na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi huweza kumlegeza mtu hivyohivyo. Wakubalie. Nenda na mkeo, yeye amekuona saa tisa usiku mara nyingi kuliko unavyodhani.

Mirembe ile ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Tumeligeuza jina lake kuwa tusi la mtaani, na tusi hilo limewazuia watu kwenda hata kliniki ya jirani. Wengi sana wenye sonona hawalazwi popote. Wanazungumza na mtaalamu, wanapangiwa siku ya kurudi, wengine wanapewa dawa, wanapanda daladala wanarudi nyumbani. Anayelazwa mara nyingi ni yule ambaye uhai wake uko hatarini kwa wakati huo, na akitulia anaruhusiwa.

Ukipewa dawa, labda fluoksetini au amitriptilini, ujue mapema kwamba siku za kwanza unaweza kuona madhara kabla ya faida. Kichefuchefu kidogo, au kinywa kukauka na usingizi mzito, kutegemea ni ipi. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki 2 mpaka 4. Nimeona wagonjwa wengi wakiacha siku ya tano wakisema haifanyi kazi, na inaniuma mpaka leo. Ukipata nafuu usiache ghafla pia, hutumiwa miezi kadhaa baada ya mtu kujisikia mzima, na kuacha kunapangwa na aliyekuandikia. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani achana navyo, vinamzoesha mtu. Na hizo bia mbili za marafiki zako, pombe huzidisha huzuni na kuukatakata usingizi usiku wa manane. Waambie waje mkae, mnywe chai.

Mama yako usibishane naye, ana hofu ya mzazi. Ila jirani asitajwe tena. Mwombe hilo kwa heshima na kwa msisitizo, kwa sababu maneno kama hayo yameshaangamiza watu nchini mwetu. Maombi endeleeni nayo. Wengi waliokaa kwenye benchi letu walikuwa na tasbihi au rozari mkononi, na hatukuwahi kumwambia mtu aiweke chini.

Vitambaa sasa. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na watu wenye sonona. Watu wa kabila la Shona huko wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi anamsikiliza mtu, matatizo yote yanatajwa, halafu wanachagua moja tu la kuanza nalo. Fanya hivyo na meza yako. Sare zote mpe fundi mwenzako, hata kama faida itakwenda kwake, kwa sababu hao wazazi wanaopiga simu kila siku wanakuzidishia uzito. Ubaki na sketi moja. Leo ikate, kesho ushone pindo. Usipoweza kesho, iache hadi keshokutwa.

Ukaniuliza nani ataleta kitambaa kwa fundi chizi. Mwanangu, mteja anataka sare ya mtoto wake. Wanaolalamika sasa wanalalamikia kuchelewa, na wakikuuliza una haki ya kusema ulikuwa unaumwa, uko kwenye matibabu, basi.

Ukishatoka hospitali niandikie tena. Uniambie walikupima nini, na mkeo alisema nini ulipomwambia.