Rangi ya MTT ikikolea, seli za figo zimeongezeka?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimeziwekea seli za figo aina ya HK-2 Rg1, mojawapo ya jinsenosidi (kemikali za mmea wa jinsengi), kwa saa 48. Kwenye kipimo cha MTT, kinachotumia rangi kuonyesha seli hai, visima (vishimo vya sahani ya maabara) vyenye Rg1 vimekolea rangi kuliko visivyo nayo. Naweza kuandika kwamba jinsengi hukuza seli za figo?

JIBU: Usiandike hivyo bado. MTT haihesabu seli. Ule unjano wa MTT hugeuka zambarau kwa kazi ya vimeng'enya vya seli hai, hasa vya mitokondria, kwa hiyo seli zilezile zikichangamka tu, bila hata moja kugawanyika, kisima kitakolea. Zihesabu kwa hadubini baada ya kuzitia tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa), kisha pima DNA mpya kwa BrdU (kemikali inayojiingiza kwenye DNA inapoundwa). Vipimo vyote vitatu vikielekea upande mmoja, hapo una hoja.

Tatizo kubwa zaidi ni HK-2 zenyewe. Zilitengenezwa kwa kuingiza jeni E6 na E7 za kirusi HPV-16 kwenye seli za mirija ya figo ya binadamu. E6 huangamiza p53, na E7 huilemaza Rb (p53 na Rb ni protini zinazozuia seli kugawanyika ovyo; Rb usije ukaichanganya na jinsenosidi Rb1). Unakanyaga mafuta kwenye gari lililokwisha kung'olewa breki. Rudia jaribio kwa seli za mirija zilizotolewa moja kwa moja kwenye figo, na upunguze seramu (majimaji ya damu yanayotiwa kulisha seli), maana seramu nyingi peke yake inatosha kuzisukuma zigawanyike. Kama Rg1 uliiyeyusha kwa DMSO, visima vya kulinganishia navyo vipewe DMSO kiasi kilekile.

Halafu, ni seli zipi za figo? Mirija ikijeruhiwa, kugawanyika kwa seli zake ni uponyaji. Lakini seli za mesanjia, zile zilizo ndani ya chujio, zikiongezeka kupita kiasi kwenye kisukari huchangia kovu, na huko watafiti hutumaini jinsenosidi zitazizuia.

Kuhusu anayemeza jinsengi, jaribio lako halisemi kitu. Rg1 hufyonzwa kidogo sana, na bakteria wa utumbo huibadilisha kuwa jinsenosidi nyingine, Rh1 na F1. Kwa matokeo uliyonayo, andika tu: "Rg1 iliongeza shughuli ya kimetaboliki ya seli za HK-2 baada ya saa 48," na utaje kiasi ulichotumia.