Kucheza gofu kwenye mashimo tisa ya mchanga, Tabora

Hapa Tabora hufika mara kwa mara watumishi waliohamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam, Arusha au Moshi, na baadhi yao hushuka na mfuko wa fimbo za gofu miongoni mwa mizigo yao. Swali lao huwa ni kama kuna mahali pa kuchezea, na jibu ninalowapa huwafurahisha kwa muda mfupi tu: pahali papo, mashimo tisa, nje kidogo ya mji, kwenye shamba la mzee mmoja wa kundi letu ambalo halilimwi tena. Furaha hupungua wanapopaona. Hapana jengo la klabu wala bomba la kumwagilia, nyasi ni zile zilizoota zenyewe, na mahali walipotarajia kukuta grini, yaani eneo la majani laini lenye shimo, wanakuta duara la mchanga lenye bendera iliyochanwa kutoka kwenye khanga kuukuu. Nimecheza hapo kwa miaka mingi, na kabla yake nilicheza kwenye viwanja vinavyokatwa majani kwa mashine, kwa hiyo ninaandika nikivifahamu vyote viwili. Ushauri wangu wa msingi ni kwamba uwanja wa namna hii usiuchukulie kuwa ni uwanja mzuri uliokosa matunzo. Ni uwanja wa aina yake, una mchezo wake, na anayekuja na mchezo wa kule atateseka bure.

Idadi ya mashimo isikutie unyonge. Kumi na nane ni mazoea yaliyotoka St Andrews kule Scotland, ambako mwaka 1764 wenyewe waliunganisha mashimo mafupi na mzunguko wao ukapungua kutoka mashimo 22 hadi 18. Hata mashindano ya kwanza ya Open, yale makuu ya gofu ya Uingereza, yaliyofanyika Prestwick mwaka 1860, yalichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12, wachezaji wanane wakiuzunguka mara tatu kwa siku moja. Sisi tunauzunguka wetu mara mbili tukiwa na nafasi, na mara moja tukiwa hatuna. Kinachosaidia ni kuweka sehemu mbili za kuanzia kwa kila shimo, ili mzunguko wa pili usiwe marudio ya ule wa kwanza. Shimo letu la nne, kwa mfano, katika mzunguko wa kwanza linataka mkwaju ulionyooka kupita katikati ya miembe miwili. Katika mzunguko wa pili unaanzia kushoto zaidi, mwembe mmoja ukiwa umekuziba kabisa, nawe unalazimika kuamua kama utapita juu yake au utauzunguka kwa mikwaju miwili mifupi.

Mzunguko mmoja kwa miguu huchukua kama saa mbili, na katika jambo hili Tabora inaizidi Dar es Salaam. Kwa kuwa tuko mbali upande wa magharibi ilhali saa za nchi nzima ni zile zile, jua letu huzama takriban dakika 25 baada ya la Dar es Salaam, hivyo anayetoka ofisini saa tisa na nusu alasiri anaweza kumaliza mashimo tisa bila kukimbizana na giza. Anayependa kucheza alfajiri ndiye atakayelipa gharama, maana hata kuchomoza jua huchelewa.

Kabla ya mkwaju wa kwanza, kubalianeni kanuni za mahali. Jambo hili wageni hulipuuza, kisha ubishi hulipuka kwenye shimo la sita, hasa pale soda za jioni zinapokuwa zimewekwa rehani. Kanuni za gofu zinazotumika tangu mwaka 2019 zimewarahisishia sana watu wa viwanja kama chetu. Muda wa kutafuta mpira umepunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu. Jiwe, jani au kijiti kilicholala ardhini unaweza kukiondoa popote, alimradi usiusogeze mpira. Na kinyesi cha ng'ombe, ambacho kwetu si tukio la nadra, huhesabiwa kundi moja na majani na vijiti. Juu ya hayo kamati ya uwanja inaruhusiwa kuongeza kanuni zake. Sisi tumeongeza mbili. Ya kwanza ni kwamba mpira uliotua kwenye njia ya kati inayofyekwa unaweza kuinuliwa, kufutwa na kuwekwa tena ndani ya upana wa kiganja, bila kulisogelea shimo. Ya pili ni kwamba vichuguu vyote ni ardhi iliyo kwenye matengenezo, yaani mpira ulioegemea kichuguu unasogezwa bila adhabu. Asiyewahi kupiga fimbo ya chuma kwenye kichuguu cha mwezi Agosti anaweza kuiona kanuni hii kuwa ni ya kudekezana, lakini kiwiko cha mkono hakina vipuri.

Kuna kanuni nyingine ambayo haikutungwa na sisi, ila utadhani iliandikwa kwa ajili ya nchi ya asali. Mpira ukitua mahali penye nyuki wanaouma au nyoka, mchezaji anaruhusiwa kujisogeza hadi mahali salama pasipo adhabu yoyote. Upande wa msitu, kwenye shimo la saba, mfugaji nyuki mmoja ametundika mizinga yake kwenye miti ya miombo, na tulimwahidi kwamba hatutaingia huko kutafuta mipira. Mpira uliokwenda huko umekwenda. Vilevile usitie mkono ndani ya tundu lolote, hata kama unaona kabisa weupe wa mpira wako. Na kunguru akiubeba mpira, jambo analolifanya kwa utulivu wa kuudhi, mpira mwingine unawekwa pale ulipokuwa wa kwanza, mradi mna hakika kwamba ni yeye aliyeuchukua.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Kanuni inaruhusu fimbo zisizozidi 14, lakini huku saba zinatosha, na ziwe zile ambazo hutasikitika zikikwaruzwa na changarawe. Fimbo mpya ziache nyumbani. Viatu viwe na soli ngumu. Chukua pia msumari wa inchi sita, kwa sababu wakati wa kiangazi tii ya mbao, kile kijiti cha kuwekea mpira wa mkwaju wa kwanza, huvunjika kabla haijaingia ardhini, na msumari ndio unaotoboa njia. Ukiusahau, kanuni inakuruhusu kufinyanga kilima kidogo cha mchanga na kuuweka mpira juu yake, kama walivyofanya wachezaji wa zamani kabla tii za mbao hazijaenea. Kwenye nyasi kavu mpira mweupe huonekana vizuri kuliko wa njano.

Tabora iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpira huruka mbali zaidi kwa asilimia chache kuliko pwani. Faida hiyo ni ndogo ukilinganisha na ile ya ardhi ngumu, kwani mpira uliopigwa chini huendelea kudunda na kubingirika kwa umbali ambao mgeni hauamini. Basi acha tamaa ya kuupeleka mpira mawinguni. Piga chini, mpira ukiwa nyuma kidogo ya katikati ya miguu yako, uguse mpira kwanza na ardhi baadaye. Fimbo iliyolala sana, ile ya kurushia mipira mifupi, ni adui kwenye ardhi hii: tumbo lake hudunda kwenye udongo mkavu na ukingo wake huukata mpira katikati, nao huruka usawa wa goti hadi upande wa pili wa duara la mchanga. Tumia namba saba au nane, uusukume mpira kwa mkono mfupi, uuache ubingirike wenyewe.

Brauni, yaani hizo duara za mchanga, ndizo zinazowapotezea wageni mikwaju mingi kuliko mahali pengine popote. Kila moja ina upana wa hatua kumi hivi, na mchanga wake uliochekechwa umemwagwa juu ya udongo ulioshindiliwa kwa kina kisichozidi unene wa kidole. Viwanja vingi vya aina hii duniani humwagia mchanga mafuta machafu ya injini ili usipeperuke. Sisi tulikataa, kwa kuwa jirani na shamba kuna visima ambako akina mama huteka maji ya kunywa, na ardhi ya kichanga hupitisha kila kinachomwagwa juu yake. Tunatumia maji, ndoo mbili kwa kila brauni siku ya mchezo, na upepo wa Julai ukizidi tunaongeza ya tatu. Kazi ni kubwa kuliko kumwaga mafuta, lakini hainifanyi nikwepe macho ya mtu yeyote ninapopita kisimani. Shimo lenyewe linapaswa kuwa na kipenyo cha milimita 108, na kipande cha bomba la maji taka la inchi nne kinakaribia sana kipimo hicho, hivyo usihangaike na makopo ya rangi.

Mpira unaoangukia kwenye mchanga kutoka juu hufa papo hapo, na ule unaofika ukibingirika hupunguzwa mwendo ghafla. Kwa hiyo lenga mpira wako utue kwenye ardhi ngumu, hatua kadhaa kabla ya brauni, ukiwa na kasi ya kutosha kuingia ndani yake. Ukishafika, usikanyage kati ya mpira na shimo. Zunguka kwa nje. Weka alama, inua mpira, kisha mmoja wenu avute gunia lililofungwa kwenye ubao kutoka penye alama hadi kupita shimo, mara moja tu na kwa mwendo mmoja. Inabaki njia laini yenye upana wa mabega ya mtu, chembe za mchanga zikiwa zimelala upande mmoja. Rudisha mpira, usukume kwa nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu mchanga hula mwendo na mpira unaochoka karibu na shimo hukata kona. Kisha, kabla hujasikitika wala kushangilia, tazama alama ambayo mpira umeiacha. Ni mfereji mwembamba unaosema kweli tupu: ukiwa umepinda tangu mwanzo, uso wa fimbo yako haukuwa sawa, ukiwa umenyooka kisha ukapinda mwishoni, nguvu ilikuwa ndogo. Nimejifunza kusukuma mpira kwa kusoma mifereji hiyo kuliko kwa maelekezo ya mtu yeyote. Ukimaliza, vuta gunia kwa kuzunguka kuanzia shimoni kwenda nje, ili kundi linalofuata likute mchanga uliolala.

Kuhesabu mikwaju ya jumla kwenye uwanja wa namna hii hakuna haki sana. Mpira mzuri unaweza kugonga mzizi ukarudi nyuma, na ukiwa unahesabu jumla, mzizi huo utakufuata hadi shimo la mwisho. Shindaneni shimo kwa shimo: anayetumia mikwaju michache kwenye shimo analichukua, na balaa la shimo moja linaishia hapo hapo. Vivyo hivyo usidai kiwango chako rasmi cha uchezaji, yaani handicap, kishuke kwa sababu ya kadi za huku. Mfumo wa dunia wa viwango hivyo ulioanza mwaka 2020 unapokea matokeo ya mashimo tisa, ila uwanja lazima uwe umepimwa na kupewa daraja, na wetu haujapimwa.

Mwisho kuna watu. Shamba letu linakatwa na njia mbili za miguu, na wanaopita wana haki kuliko sisi. Akitokea mama mwenye kuni kichwani, fimbo zinawekwa chini hadi apite, na mdogo katika kundi ndiye anayetangulia kumwambia "Shikamoo mama" au "Mwangaluka," si kumpungia mkono aharakishe. Ng'ombe wakipita jioni, subirini. Mpira uliotulia ukipigwa teke na ng'ombe unarudishwa pale ulipokuwa, kwa hiyo hakuna anayepoteza chochote kwa kungoja. Vijana wanaotubebea mifuko tunawalipa kwa mzunguko, tena Jumamosi na sikukuu tu, wasije wakaacha masomo. Usimlipe kijana kwa kila mpira anaouokota. Utaratibu huo ukianza, mipira huanza kupotea hata katikati ya njia iliyofyekwa.

Msimu mzuri wa kucheza ni Mei hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba ardhi hulainika na mipira haibingiriki tena, na kufikia Januari mashimo matatu yaliyo karibu na mbuga, yaani bonde la majimaji, huwa tope tupu, nasi huyafunga na kuyazunguka yale sita ya juu. Nyasi hufyekwa mwezi Machi kabla hazijatoa mbegu. Brauni hutengenezwa upya mwishoni mwa Aprili, mchanga wote ukikusanywa, ukachekechwa na kurudishwa. Mgeni aliyehamia mjini miezi hiyo aje na fyekeo, na mfuko wa fimbo auache kwanza.