Siku mbili Mtwara mjini, uanzie wapi?

Kaka, umeuliza utembelee wapi Mtwara kwa siku mbili utakazobaki nazo baada ya harusi. Siku ya kwanza nenda Mikindani, mji wa kale wa pwani. Ni kama kilomita 10 tu kutoka mjini, daladala zipo, bajaji pia mkielewana bei. Panda hadi Boma la Wajerumani lililojengwa 1895, siku hizi ni hoteli. Kutoka juu unaiona ghuba yote. Kisha shuka utembee mitaani kwa miguu bila haraka: nyumba za mawe, milango ya nakshi, baraza. Ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara, 1866. Nenda asubuhi, jua la mchana kule halina huruma.

Ukirudi, kaa ufukwe wa Shangani jioni. Pweza wa kuchoma, na ukiwakuta wauza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, usiwapite, hiyo huko Dar hutaipata kirahisi.

Siku ya pili wengi watakwambia Msimbati. Ni kweli ufukwe wake ni mzuri kuliko yote ya huku, ila ni mbali na mchanga unanasa magari, na upo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo ulizia kiingilio mapema. Kama huna gari la maana, mimi ningevuka na kivuko hadi ufukwe wa Msangamkuu, bei ndogo na maji safi vilevile.

Muda ukibaki, pita Kanisa la Mtakatifu Paulo, mtaa wa Majengo, ingia uone michoro ukutani. Vinyago vya Kimakonde nunua kwa mchongaji mwenyewe.